Mwenyeji wa Popote

Mjukuu wangu alinipokea kwa mikono miwili, na hilo ndilo lililonitia shaka.

Alikuwa na miezi kumi. Hakuwa amewahi kuniona ana kwa ana; kwake nilikuwa sauti tu kwenye skrini. Nilishuka kwenye gari la anga pale Kambi Tembezi ya Saba, katikati ya nyika ya Manyoni, nikiwa nimetapika mara mbili njiani, kilemba kimelegea, nguo zote zinanuka mafuta ya mashine. Mtoto yeyote mwenye akili timamu angenikimbia. Lugano alinitazama, akatabasamu, akajitupa kifuani kwangu kana kwamba amelala hapo tangu azaliwe.

"Umeona, Mama?" binti yangu Tusekile alisema. "Amekujua."

Nilifurahi. Nalisema hili ili ijulikane kwamba hata mimi nina ujinga wangu. Nilifurahi kwa dakika mbili hivi, mpaka alipopita fundi wa magurudumu, jibaba lenye miwani ya kuchomelea usoni, na Lugano akamnyooshea mikono kwa tabasamu lile lile. Fundi akambeba, akamrudisha. Likafuata toroli linalojiendesha, lile la kukusanya sahani chafu za bwaloni. Lugano akalinyooshea toroli mikono. Tabasamu halikupungua hata chembe.

"Na toroli nalo amelijua?" niliuliza.

Tusekile alikunja uso, akapandisha kola ya mtoto. Alichelewa. Nilikuwa nimeshakiona kitu chembamba cha rangi ya ngozi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimebandikwa nyuma ya sikio la kushoto.

* * *

Kambi ile ni mji wa watu mia tisa unaotambaa. Mabehewa yake yana magurudumu marefu kuliko watu wawili waliobebana, na kazi yake ni kusimika minara ya kukamua maji hewani. Kila siku ya tisa mji unahama, na kila unapohama mtambo wa zamu unagawa vyumba upya, ili wapanda minara wawe karibu na minara na wapishi wawe karibu na jiko. Hakuna mwenye chumba chake. Unaamka leo dirisha liko kulia, juma lijalo liko miguuni, na jirani uliyemzoea kukohoa ukutani amepelekwa behewa la mwisho. Watu wazima wanalalamika kidogo, wanazoea. Kwa watoto wachanga kampuni ilileta kibandiko, ikakiita Mwenyeji.

Aliyenieleza ni mshauri wa familia, kijana aitwaye Renatus. Alikuja asubuhi yake, shati limepigwa pasi, sauti laini kama ya tangazo la sabuni.

"Shikamoo, Bibi Lugano."

"Marahaba. Hicho kidubwasha kinamfanya nini mtoto?"

"Hakina dawa hata tone, Bibi. Kinasikiliza moyo wake tu. Moyo ukianza kwenda mbio kwa sababu ya kitu kigeni, kinatuma mpigo mdogo wa umeme kwenye mshipa wa fahamu. Ubongo unapata ile hisia... Umewahi kuingia mahali ukaona kama ulishafika zamani?"

"Nimewahi. Nilikuwa na malaria."

Alicheka kwa adabu. "Basi yeye anaipata hisia hiyo kila mahali. Kila chumba anakijua. Kila sura anaijua."

"Ilhali haijui."

"Lakini anajisikia kuijua. Na usalama ni hisia, Bibi."

Nimekutana na wajinga wengi maishani, ila mjinga aliyepewa kitambulisho chenye picha na mafunzo ya wiki sita ana ladha yake ya pekee. Nilimwambia kwamba nilikuwa mkaguzi wa mitambo ya maji kwa miaka thelathini na moja. Kwenye kituo kimoja nilimkuta msimamizi aliyeufunga mshale wa geji ya presha kwa uzi, ubaki kwenye kijani daima, kwa sababu kengele ilikuwa inamkatiza usingizi. Alikuwa mtu mwenye raha sana. Siku bomba lilipopasuka, lilimkuta ameketi na raha yake.

"Katika kambi zote watoto mia nne na kumi wanatumia Mwenyeji," Renatus alisema. "Hakuna hata mmoja anayelia."

"Mnakitoa lini?"

"Mtoto akifika miaka mitatu. Kliniki, taratibu."

"Mmeshawatolea wangapi?"

Tabasamu lake lilibaki mahali pake, macho ndiyo yaliyohama. "Bidhaa yenyewe ina miaka miwili, Bibi."

"Kwa hiyo hakuna."

"Bado."

Nilimwomba anipishe, nina kazi ya kumnawisha mtoto. Lugano alimpungia mkono mpaka alipopotea kwenye ujia, kisha akaupungia ukuta.

* * *

Tusekile anapanda minara. Ndiye anayefunga nyavu za juu kabisa, mita sitini kutoka ardhini. Mchana ule alikuwa akikagua mikanda yake ya usalama, kifungo kwa kifungo, huku akinisemesha bila kuniangalia.

"Usidhani sijui unachofikiri. Unafikiri nimemfunga mwanangu uzi kwenye geji."

"Nani kakwambia?"

"Renatus amelisimulia bwalo zima. Wamecheka sana." Akaweka mkanda chini. "Nilirudi kambini akiwa na miezi minne, na kabla ya kibandiko tulihama mara nne, Mama. Kila tukihama alilia hadi akatapika, akinyamaza anaanza upya. Akikiona tu chumba kipya anakakamaa kama kijiti. Majirani wanagonga ukuta. Osiah, mume wangu, wewe unajua walishampeleka kambi ya mbele, niko peke yangu. Nilipanda mnara nikiwa sijalala siku tatu, nikaangusha spana. Ilipita karibu na kichwa cha Mzee Kalinga aliyekuwa chini, upana wa kiganja. Unajua niliwaza nini? Niliwaza, afadhali ningeanguka mimi, nipumzike."

Niliuokota mkanda, nikauweka kitandani.

"Nilikupigia siku ile. Unakumbuka ulichosema?"

Nilikumbuka. Nilikuwa napalilia mchicha, simu nimeibana kwa bega. Nilisema mtoto akilia mapafu yanakomaa.

"Nilidhani unazidisha," nilisema.

"Wewe ulinilea kwenye nyumba moja, uwanja mmoja, Mama Sekela jirani yule yule miaka yote. Mwanangu mimi nitampa uwanja gani?" Akasimama. "Kesho nakwenda mnara wa mbele siku tano. Sina mwingine wa kumwachia, ndiyo maana nilikuita. Niahidi hutakigusa."

"Naahidi."

Nilikuwa nasema kweli nilipolisema.

* * *

Siku iliyofuata, binti yangu akiwa ameshaondoka, kambi ilihama. Kengele ya kwanza ililia, mafundi wakaanza kuyajaribu magurudumu polepole kabla ya mwendo. Nilikuwa nakunja nguo kuziingiza kwenye sanduku. Lugano alikuwa kwenye mkeka nyuma yangu. Lile toroli la sahani lilikuja, mlango ukajifungua wenyewe kama kawaida yake, likachukua kikombe changu, likatoka. Nilipogeuka mkeka ulikuwa mtupu.

Alikuwa amelifuata. Nilipita ujia mzima nikiita, nikatelemka mteremko wa chuma, ule mpana wa kupakia mizigo na matoroli, na nikasikia yule fundi jibaba akipiga kelele, "Simamisha! Simamisha namba nne!" Lugano alikuwa ameketi vumbini chini ya behewa. Gurudumu lilikuwa linamjia taratibu, na yeye alikuwa amelinyooshea mikono miwili. Akitabasamu.

Nilimvuta kwa mguu mmoja, kama mtu anavyomvuta kuku chini ya kitanda. Gurudumu lilisimama pale alipokuwa amekaa. Fundi alijishika kichwa, akakaa chini, jitu zima. Lugano alicheka, aliona tunacheza.

Watoto wengi wa umri ule hutambaa pasipowafaa, najua, nimelea. Lakini mtoto akifika mahali pageni hugeuka nyuma kutazama mtu wake yuko wapi. Niliziangalia alama za magoti yake vumbini tangu mteremkoni hadi gurudumuni. Zilikwenda moja kwa moja. Angegeuka amtafute nani, na kwake kila kitu ni mama yake?

Walitupa chumba kipya behewa la kumi na mbili. Niliomba maji ya moto na mafuta ya kula jikoni. Nililainisha gundi ile kwa ncha ya kitambaa, robo saa nzima, huku yeye akinichezea hereni. Kibandiko kilipotoka kiliacha alama nyekundu kama ameumwa na mbu.

Lugano alinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama hasa. Akauangalia ukuta, taa, mkono wangu. Kisha akafungua kinywa.

* * *

Renatus alifika baada ya dakika nne. Kibandiko kikitoka kinampigia kelele mezani kwake. Alisimama mlangoni amejiziba masikio. Miaka miwili alikuwa mshauri wa watoto, na nadhani alikuwa hajawahi kumsikia hata mmoja.

"Hiyo sauti..."

"Inaitwa kulia," nilisema.

"Bibi, umefanya nini? Kipya hakiwekwi bila kupima mapigo ya moyo wa mama, naye awepo hapa mwenyewe! Na mama yuko mnarani mpaka siku ya tano!"

Hilo sikulijua. Nimejiuliza mara nyingi, kama ningelijua ningefanya vile vile? Siku nyingine najibu ndiyo, siku nyingine nanyamaza.

"Basi tutamsubiri mama," nilisema.

"Lakini ulimwahidi."

Nilifunga mlango.

Jioni ujumbe wa Tusekile ulitokea kwenye skrini. Renatus alikuwa amemtangulizia habari zote, pamoja na ile ya gurudumu. Uliandikwa hivi: *Yuko mzima? Nijibu hilo tu. Usinipigie.* Nilijibu, *Mzima.* Mtoto alikuwa analia nyuma yangu nilipokuwa naandika.

Nitasema ukweli juu ya siku zile. Nilikuwa nimedhani kwamba akishatolewa takataka ile atanirukia mimi, bibi yake, damu yake. Alinikimbia. Nikimkaribia anarudi kinyumenyume hadi kona, anagonga kichwa ukutani, anaogopa na ukuta. Aliogopa kijiko. Aliogopa maji ya beseni aliyokuwa akiyachezea jana yake. Hofu ya miezi mitano, ambayo ilitakiwa imjie kidogo kidogo, ilimjia yote kwa siku moja, na aliyeifungulia mlango nilikuwa mimi. Siku ya kwanza hakula kitu. Nilimlazimisha kumshika, akanitapikia, nikamweka chini nikamfokea. Mtoto wa miezi kumi, nikamfokea. Halafu nikaona aibu.

Nikaacha kumfuata. Nilitandika kitenge changu sakafuni katikati ya chumba, nikaketi juu yake, mgongo nimempa nusu, nikaanza kuchambua mchele niliopewa jikoni. Niliongea, sikuacha. Nilimsimulia bei za mbolea, ugomvi wa kwaya, jinsi babu yake alivyonunua baiskeli isiyo na breki. Sauti moja, polepole. Alilia, akanyamaza kusikiliza, akalia tena. Alasiri alitambaa hadi ukingo wa kitenge, akaweka kiganja kimoja. Sikugeuka. Shingo iliniuma kwa kutogeuka.

Siku ya pili alikaa juu ya kitenge. Siku hiyo nilijifunza kumtangazia mambo kabla sijayafanya: sasa tunanyanyuka, sasa nakugusa uso kwa kitambaa, sasa natoka narudi. Nilitoka hadi nje ya mlango nikahesabu tano, nikarudi. Kumi, nikarudi. Siku ya tatu tulifungua mlango pamoja, tukautazama ujia, tukaufunga. Tukaufungua, tukaenda hatua tatu, tukarudi. Watu walipita wakitukodolea macho kama wendawazimu. Jirani mmoja, mwanamke wa ofisi ya ramani, aliniambia kwa upole kwamba kuna kitu kinaitwa Mwenyeji, hajui kama nimekisikia. Nilimwambia nimekisikia, nimekikaanga kwa mafuta.

Siku ya nne Renatus aligonga. Lugano alipomwona alitambaa haraka kuja kwangu, akalikamata gauni langu kwa ngumi mbili, akamchungulia kutoka nyuma ya goti. Nilijisikia kama malkia. "Umeona?" nilimwambia. "Wewe ni mgeni. Sasa anajua."

Alitikisa kichwa tu, akaandika kitu kwenye kishikwambi chake. Nilimdharau hata kwa mwandiko.

* * *

Tusekile alirudi siku ya tano asubuhi, na nguo za mnarani, vumbi hadi kwenye kope. Hakunisalimu. Alipiga magoti mlangoni akafungua mikono.

"Lugano. Njoo kwa mama."

Lugano alimtazama. Nikaona mdomo wa chini unaanza kutetemeka, nikaomba Mungu kisiwe kilio ninachokidhani. Kilikuwa ndicho. Alipiga yowe, akageuka, akazika uso kifuani kwangu, akanishika shingo kama anayezama.

Kwa miezi mitano alikuwa amempenda mama yake kama alivyolipenda toroli. Sasa hesabu ilikuwa imeanza upya, na siku zote zilizokuwamo zilikuwa zangu.

Tusekile alibaki amefungua mikono. Nimemwona binti yangu akivunjika mkono, nimemwona akimzika baba yake. Uso ule sikuwa nimeuona.

"Haya," alisema. "Umeshinda."

"Sikutaka hivi, mwanangu."

"Ulitaka nini? Ulitaka kuwa na haki. Daima unataka kuwa na haki. Nilipolia nikiwa peke yangu hukuja. Umekuja kunichukulia mtoto."

Alitoa mfukoni pakiti ndogo nyeupe. Renatus alikuwa amemwahi kwenye ngazi, akampima mapigo ya moyo, akampa. Aliichana ncha kwa meno, akakishika kibandiko kipya juu ya kidole, akamtazama Lugano aliyekuwa akitetemeka kwangu. Ningeweza kusema mengi. Nilikuwa na geji, nilikuwa na gurudumu. Niliuma ulimi.

"Nikikiweka, atakuja?" aliuliza.

"Atakuja sasa hivi. Mara moja."

"Na ataenda kwa kila mtu."

"Ndiyo."

Alikaa na kile kitu kidoleni muda mrefu. Kisha akakibandika kwenye mguu wa kitanda.

"Nina mapumziko ya siku tatu," alisema. "Ondoka basi, nibaki naye."

"Nikiondoka ghafla nitakuwa nimemfanyia ubaya mara ya pili. Nitakaa pale pembeni. Sitasema neno."

"Wewe? Usiseme neno?"

"Jaribu uone."

Nilikaa siku tatu bila kufungua mdomo ila kwa kula. Haijawahi kunitokea. Tusekile alikaa sakafuni, alijaribu kuimba akasahau maneno, akakasirika, akamshika kwa nguvu mara moja na kulipia kwa saa nzima ya vilio. Siku ya kwanza Lugano aligusa kamba ya kiatu chake, akarudi mbio kwangu. Siku ya pili alimpelekea kifuniko cha chupa, akamnyang'anya. Siku ya tatu alisinzia, mgongo wake umeegemea paja la mama yake, na binti yangu hakusogea mpaka mguu ukafa ganzi, akawa ananitazama akiuma midomo kwa maumivu.

Aliporudi kazini, minara ya jirani, mchana tu, aliniacha na mtoto na kila jioni akaanza pale alipoishia.

Siku kambi ilipohama tena tulipewa behewa la ishirini, chumba chenye dari fupi na injini inayonguruma chini ya sakafu. Nilikuwa nimebeba sanduku. Tusekile alikuwa amembeba mtoto. Mlango ulipofunguka Lugano aliliona giza la chumba kile, akausikia mngurumo, akaanza kulia kwa sauti yake yote. Mimi nilikuwa mbele yake kabisa, mkono mmoja tu kutoka alipo. Hakuniangalia. Alimpanda mama yake kama mti, akamkumbatia kichwa, akamlilia sikioni.

Tusekile aliingia, akaketi chini naye, akaanza kumwambia: hili ni dirisha, huu ni mngurumo, huyu ni mama. Alikuwa analia na yeye.

"Sijakusamehe," aliniambia juu ya kelele zile.

"Najua."

Watu walianza kugonga ukuta. Punde hodi ikabishwa mlangoni, na Renatus akachungulia, kidole kimoja sikioni, pakiti nyeupe mkononi, nyuma yake majirani wanne wamenuna. Binti yangu alinyanyua uso uliolowa, akawatazama mmoja mmoja kuanzia viatuni kupanda juu.

"Mtoto amefika pageni, analia," alisema. "Nyie hamjawahi kufika pageni?"

Akausukuma mlango kwa mguu, ukajifunga.